Nili iliyotuliza utumbo wangu ikachokoza ini langu

Kidole changu cha shahada kilibaki na rangi ya buluu kwa siku mbili baada ya kuufungua mkebe ule kwa mara ya kwanza. Ndani yake mlikuwa na unga laini, mwepesi kiasi kwamba pumzi tu iliutimua, wenye rangi ya nguo mpya iliyotiwa nili na ambayo bado haijaonja maji. Wachina huuita qing dai. Binamu yangu aliyeniletea hakulijua jina hilo. Alichojua ni kwamba mtu fulani mwenye ugonjwa kama wangu aliutumia na damu ikakoma, nami, niliyekuwa katika wiki ya tano ya kuhara damu, sikuhitaji maelezo zaidi ya hayo.

Huu ni mwaka wangu wa tisa na kolaitisi ya vidonda. Ni mojawapo ya maradhi mawili makuu yanayowekwa chini ya jina la maradhi ya uvimbe sugu wa utumbo. La pili ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York ambaye yeye na wenzake wawili waliueleza mwaka 1932. Neno "uvimbe" lisimtishe msomaji akadhani ni saratani. Ni wekundu, joto na majeraha yanayotokea pale kinga ya mwili inapougeukia utumbo wenyewe. Kolaitisi ya vidonda hukaa katika utumbo mpana, huanzia kwenye puru na kupanda juu bila kuacha nafasi, na kwa kawaida hula utando wa ndani tu. Crohn huweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, huruka sehemu, tena huchimba ukuta wa utumbo kwa kina hadi kuutoboa. Natofautisha mapema kwa sababu karibu kila ushahidi mzuri wa mitishamba ya Kichina ninaoufahamu ni wa kolaitisi, ilhali wauzaji huutangaza kana kwamba unahusu tumbo la kila mtu.

Tabia ya maradhi haya ambayo humchanganya mgonjwa kuliko maumivu yenyewe ni kwamba huja na kuondoka. Unaweza kukaa miezi sita ukajisahau, kisha asubuhi moja ukaona damu. Kwa hiyo chochote ulichokuwa unatumia wakati ugonjwa unatulia hupata sifa, na chochote ulichogusa siku ulipolipuka hupata lawama, na mara nyingi vyote viwili havikuhusika.

Matabibu wa zamani wa China waliiona tabia hiyo karne nyingi kabla ya kamera ya kuangalia utumbo. Katika vitabu vyao kuna ugonjwa unaoitwa xiuxi li, maana yake kuhara damu kunakopumzika. Nilipolisoma jina hilo mara ya kwanza nililionea wivu, kwa sababu hakuna istilahi ya hospitali iliyowahi kuyaeleza maisha yangu kwa usahihi wa namna hiyo. Si kila aliyeitwa hivyo zama zile alikuwa na kolaitisi, kwani amiba na bakteria nao huharisha damu, lakini leo wataalamu wa tiba ya Kichina hulitumia jina hilo hilo wanapomzungumzia mgonjwa kama mimi.

Dawa yao mashuhuri kwa kuhara damu kwa aina ya joto ni bai tou weng tang, iliyoandikwa na Zhang Zhongjing mwishoni mwa enzi ya Han, yapata miaka 1,800 iliyopita. Ina vitu vinne tu: mzizi wa bai tou weng, kizizi chenye rangi ya njano kiitwacho huang lian, na magome ya miti miwili, huang bai na qin pi. Kwa lugha yao, utumbo mpana umeingiwa na joto lenye unyevu, na uchungu wa mimea hiyo hulipoza joto na kuukausha unyevu. Lakini mgonjwa aliyechoka, mwenye choo laini kisicho na damu nyingi na asiye na hamu ya kula, hawatampa dawa hiyo. Watasema wengu wake umedhoofika, na watampa shen ling bai zhu san, mchanganyiko wa enzi ya Song wenye ginseng, mbegu za yungiyungi na vinginevyo vya kutia nguvu. (Wengu wanaouzungumzia si kile kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto peke yake, ni jina la kazi nzima ya kumeng'enya chakula na kukigeuza kuwa nguvu.) Watu wawili ambao kamera imeonyesha vidonda vilevile wanaweza kutoka kwa tabibu mmoja na pakiti mbili zisizofanana hata kwa mmea mmoja.

Mfumo huo una mantiki yake, na mimi siudharau. Unaleta taabu tu pale unapotaka kujua kama dawa inafanya kazi, kwa sababu majaribio ya kitabibu yanataka watu wengi wapewe kitu kimoja kwa kipimo kimoja, wakati tabibu wa Kichina anaweza kubadilisha mchanganyiko kila wiki mbili kulingana na ulimi na mapigo ya mgonjwa.

Nimewahi kunywa mchanganyiko wenye huang lian, niliopewa na mtu aliyesomea tiba hiyo kwa miaka kadhaa. Maelekezo yake yalikuwa ya mtu anayejua kazi: loweka kwa nusu saa, chemsha katika chungu cha udongo wala si sufuria ya chuma, moto mkali kwanza kisha mdogo, chuja, tia maji mengine uchemshe mara ya pili, changanya vyungu viwili hivyo na ugawe asubuhi na jioni. Uchungu wake hauna mfano. Wachina husema juu ya bubu aliyekula huang lian kwamba anauonja uchungu lakini hawezi kuusema, na sijui methali inayomfaa zaidi mtu ambaye ugonjwa wake uko chooni. Nilitibiwa kwa mwaka mzima kabla sijamwambia mkuu wangu wa kazi kwa nini nilikuwa natoka darasani mara tatu katika kipindi kimoja. Mchemsho ule, kwangu mimi, haukuleta badiliko nililoweza kuliona.

Qing dai ni habari nyingine.

Unga huo ni nili kweli, ile ile ya kutia nguo rangi. Majani ya mimea fulani ya jamii ya nili hulowekwa katika maji siku kadhaa hadi yaoze, mabaki hutolewa, chokaa hutiwa, kisha maji hukorogwa kwa nguvu mpaka povu la buluu lipande juu. Povu hilo huenguliwa na kukaushwa. Kwa kuwa haliyeyuki katika maji, halichemshwi pamoja na mizizi mingine; humezwa likiwa unga au ndani ya kapsuli, na kuna michanganyiko yenye nili ambayo hutiwa moja kwa moja kwenye puru kwa enema. Mimi nilikuwa nakoroga nusu kijiko cha chai katika bilauri ya maji, mara mbili kwa siku, nikitazama mabonge yake yakielea kama masizi, kisha nikiyameza kwa kufumba macho.

Siku ya kumi damu ilikoma. Wiki ya tatu nilikuwa naenda chooni mara mbili kwa siku badala ya kumi na moja, na nililala usiku kucha bila kuamka. Choo kilikuwa na rangi ya kijani iliyokolea hadi kukaribia weusi, jambo ambalo sikulipa uzito, ingawa sasa najua kwamba rangi hiyo ingeweza kabisa kunificha damu kama ingerudi kidogo kidogo. Nilimpigia binamu simu nikamwambia ameniokoa. Daktari wangu sikumwambia lolote. Nilikuwa na sababu zangu, ambazo nyingi zilikuwa woga wa kuonekana mshamba.

Niliyajua majibu ya wanasayansi baadaye, na kinachonishangaza hadi leo ni jinsi yanavyokubaliana na nilichokiona mwilini mwangu. Mwaka 2018 watafiti wa Japani walichapisha jaribio la wagonjwa 86 wenye kolaitisi ya vidonda iliyokuwa imewaka. Waligawanywa kwa kura katika makundi manne: kundi moja lilipewa kapsuli zisizo na dawa, na mengine matatu yakapewa qing dai ya gramu 0.5, gramu 1 au gramu 2 kwa siku, kwa muda wa wiki nane. Waliopata nafuu katika kundi lisilo na dawa walikuwa asilimia 13.6. Katika yale mengine walikuwa asilimia 69.6, 75.0 na 81.0. Yeyote aliyewahi kusoma matokeo ya majaribio ya kolaitisi anajua kwamba tofauti ya namna hiyo hupatikana kwa nadra, hata kwa dawa zinazotengenezwa kwa gharama kubwa. Inaaminika kwamba viambata vya nili hujishikiza kwenye kipokezi fulani ndani ya seli kiitwacho AhR, na kipokezi hicho kikiamshwa huchochea kutolewa kwa interleukini-22, protini ya kinga ya mwili ambayo husaidia utando wa utumbo kujijenga upya. Kwa hiyo anayesema mitishamba ya Kichina ni imani tu, nili inampinga.

Lakini jaribio hilo halikumalizika kama lilivyopangwa. Lilikatishwa mwaka 2016 kwa sababu ya taarifa iliyotoka nje yake: mgonjwa aliyejinunulia qing dai mwenyewe na kuitumia kwa miezi sita alipata shinikizo la juu la damu katika ateri za mapafu, ugonjwa ambao huuchosha upande wa kulia wa moyo na huweza kuua. Desemba mwaka huo wizara ya afya ya Japani ilitoa tahadhari, kwa maana visa vya namna hiyo vilikuwa vimeanza kuonekana kwa watumiaji wa nili. Wagonjwa kadhaa walipona au kupata nafuu walipouacha unga. Madhara mengine yaliyoripotiwa ni maumivu ya kichwa, kupanda kwa vimeng'enya vya ini na, mara chache, utumbo kujiingiza ndani ya utumbo.

Mimi nilikuwa katika kundi la ini. Katika wiki ya kumi na moja nilikwenda kliniki yangu ya kawaida nikiwa nimechangamka, na daktari akaniangalia, akaangalia karatasi ya maabara, akaniangalia tena.

"Mwalimu," aliniambia, "kuna kitu unachokitumia ambacho sikukuandikia mimi?"

"Kuna nili, Daktari. Ya Kichina."

Nilitarajia karipio. Hakunikaripia. Alivuta kiti karibu na kuuliza swali moja ambalo sikuweza kulijibu: "Gramu ngapi?"

Nusu kijiko cha chai cha unga mwepesi kama ule kina gramu ngapi? Kikishindiliwa je? Na katika unga wenyewe nili ni kiasi gani, chokaa ni kiasi gani? Mkebe haukuwa na jina la mtengenezaji, tarehe, wala uzito wa kipimo. Ulikuwa na picha ya jani na maneno ya kusifu. Watafiti wa Japani walijua kila kundi lilipangiwa gramu ngapi, na waliwapima wagonjwa damu; mimi nilijifanyia jaribio ambalo halikuwa na kipimo, halikuwa na mlinganisho, na mtafiti wake hakuandika chochote. Nilisimamisha unga siku hiyo. Kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti kilitoka salama, nashukuru Mungu, na ini lilirudi katika hali yake baada ya wiki sita hivi. Kolaitisi nayo ilirudi, wiki ya nne tu baada ya kuacha.

Kama ningekuwa nimepata dawa isiyofanya kitu, ningekuwa nimepoteza fedha tu. Nilipata dawa inayofanya kazi, na hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu neno "asilia" lilikuwa limenifundisha kuitarajia nguvu bila kuuogopa ukali wake.

Si kila mmea unaoanza vizuri humaliza vizuri, hata ukishughulikiwa kwa uangalifu wote. Kuna mmea mchungu uitwao chuan xin lian, ambao wanabotania huuita Andrographis paniculata. Dondoo lake lilitengenezwa katika kiwango kinachojulikana na kujaribiwa kwa wagonjwa 224 wa kolaitisi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Katika wiki nane, waliopata nafuu walikuwa asilimia 60 ya waliopewa gramu 1.8 kwa siku, asilimia 45 ya waliopewa gramu 1.2, na asilimia 40 ya waliopewa kapsuli tupu. Msomaji aitazame asilimia 40 hiyo. Watu wanne katika kila kumi walipata nafuu kwa kumeza kitu kisicho na dawa, na kila mmoja wao angeweza kusimama mbele ya jirani yake akatoa ushuhuda wa dhati. Jaribio kubwa lililofuata lilisitishwa mwaka 2014, baada ya uchambuzi wa katikati kuonyesha kwamba halingefikia lengo lake.

Manjano, ambayo pia imo katika maduka ya dawa ya China, imefanya vizuri kidogo. Kiini chake, kurkumini, kikiongezwa juu ya mesalazini, dawa ya kawaida ya hospitali kwa kolaitisi, kiliwasaidia wagonjwa wenye kolaitisi isiyo kali katika jaribio la watu 50 lililochapishwa mwaka 2015: kwa gramu 3 kwa siku, zaidi ya nusu ya waliokipata walitulia ndani ya mwezi mmoja, na katika kundi la kapsuli tupu hakutulia hata mmoja. Ni jaribio dogo, lakini lilifanywa kwa haki. Angalia vilevile kwamba hakuna aliyeambiwa aache mesalazini.

Hilo la kuacha dawa za hospitali ndilo linalonikera zaidi katika biashara hii. Aliyemuuzia binamu yangu unga ule alimwagiza aniambie niache vidonge vyote ili "damu isafishwe". Matabibu wa hospitali za tiba ya Kichina nchini China, wale waliosomea, kwa kawaida huiandika mesalazini na mchemsho katika karatasi moja. Aliyesoma huogopa asichokijua. Asiyesoma hana cha kuogopa.

Tena mimea hii haikai peke yake mwilini. Chukua gan cao, yaani urukususu, mzizi mtamu ambao hutiwa katika sehemu kubwa ya michanganyiko ya Kichina ili kuipatanisha mimea mingine. Una kiambata kinachoufanya mwili ushike chumvi na kupoteza potasiamu. Mtu anayeharisha tayari anapoteza potasiamu, na prednisolone, dawa ya steroidi anayopewa wakati wa mlipuko ili kuzima uvimbe, nayo huipunguza. Ukiweka urukususu juu ya hayo mawili kwa wiki kadhaa, moyo unaweza kuanza kupiga ovyo kwa sababu ambayo hakuna atakayeifikiria, kwa maana hakuna aliyeambiwa. Berberini, kiambata cha huang lian, hupandisha kiasi cha siklosporini katika damu, na siklosporini ni dawa ambayo baadhi yetu hupewa pale kolaitisi inapokuwa kali sana.

Halafu kuna swali la kama kilichomo ndicho kilichoandikwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba ya Kichina walianza kupata kushindwa kwa figo, na idadi yao ilivuka mia moja. Chanzo kilikuwa jina. Mmea uliokusudiwa ulikuwa han fang ji. Uliowekwa ulikuwa guang fang ji, wa jamii ya Aristolochia, wenye asidi inayoua figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Silabi moja. Hakuna mgonjwa ambaye angeweza kuona tofauti kwa kutazama kidonge. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimekuta pia steroidi zilizofichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba mitupu, na mtu mwenye uvimbe wa utumbo atazisifu kwa sababu steroidi hufanya kazi, mpaka siku atakapoziacha ghafla.

Wasomaji wengi wataniuliza kama naweza kuitumia tena qing dai. Naweza, lakini kwa masharti ambayo sasa hayapo mikononi mwangu: kapsuli iliyopimwa, chanzo kinachojulikana, muda mfupi wenye mwisho, damu kupimwa kila baada ya wiki chache na moyo kuangaliwa, na daktari anayejua. Watafiti wanaendelea kuufanyia kazi unga huo. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 42 lililopima kurkumini na qing dai zikitumiwa pamoja, na yalikuwa ya kutia moyo. Kwa sasa natumia dawa ya kibayolojia ambayo huingizwa kwa mshipa kila wiki nane, na kamera ya mwisho ilionyesha utando uliopona isipokuwa kipande kifupi cha puru.

Mkebe niliupeleka kliniki. Daktari aliufungua juu ya meza yake, akapiga chafya, na unga ukatua kwenye jalada la faili langu, ambapo doa lake bado lipo. Chini yake ameandika kwa mkono: "Nili ya Kichina, wiki 11, gramu hazijulikani."